Bibi ya Mwenye Kuandika Mambo ya Ulozi: Je, Naye Anajibu?

Katika vitabu vya desturi zetu watu wanaandika sana juu ya mlozi, juu ya mwenye dawa na juu ya mwenye kupiga ramli. Hatujaona bado anayeandika juu ya bibi ya yule aliyeshika kalamu. Tumeona vema tuseme neno hapo, kwa sababu jambo hilo tunaishi ndani yake zaidi ya miaka ishirini. Baba ya watoto wetu anaandika mambo ya ulozi na ya dawa. Wengine wanamsifu, wengine wanavuka barabara wakimwona.

Swali letu ni hili: kama bwana anaandika mambo ya siri, na maandiko yake yanamuumiza mtu, bibi naye anajibu? Au kila mtu abebe mzigo wake?

1. Mukanda na mukanda

Hapa Kasaji, katika teritwari ya Dilolo, neno mukanda lina maana mbili. Kwa Kiswahili chetu cha Katanga, mukanda ni barua, ni karatasi yenye maandiko. Kwa Walunda, Wandembo, Watshokwe na Walwena, mukanda ni kambi ya porini ambako watoto wanaume wanatahiriwa na kufundishwa. Mukanda wa kwanza kila mtu aliyepita shuleni anaweza kuufungua. Mukanda wa pili una uzio, na mwanamke hapiti. Mama wa mtoto anapika, chakula kinapelekwa, anasikia ngoma usiku, lakini ya ndani haulizi.

Sasa, mwenye kuandika siri za desturi anachukua mukanda wa pili na kuutia ndani ya mukanda wa kwanza. Njo pale tabu inaanzia. Yale yaliyosemwa kwa sauti ndogo, kwa mtu mmoja, mahali pake, yanakwenda kusomwa sokoni na mtu asiyejulikana. Na bibi yake anakaa penye uzio wenyewe: mguu mmoja ndani, kwa sababu makaratasi yako mezani kwake, mguu mmoja nje, kwa sababu anateka maji pamoja na wamama wengine.

2. Neno moja tulilolipita

Tueleze jambo lililotupata, bila kuficha upande wetu.

Baba ya watoto wetu ni Muluba, kwao ni upande wa Kamina. Reli ya kutoka Tenke mpaka Dilolo, iliyomalizika mwaka 1931, ilileta makabila mengi katika mji huu, na jamaa yake walifika kwa njia hiyo. Toka ujana alizoea kukaa na wazee saa za magaribi na kuandika katika kaye maneno yao juu ya ulozi, miti ya dawa, ndoto na mizimu. Miaka zaidi ya kumi iliyopita aliona afanye kitabu kidogo. Kilichapwa kwa mashini huko Kolwezi, kurasa karibu arobaini, na fotokopi thelathini.

Kabla ya kwenda Kolwezi, alitupa sisi makaratasi tusahihishe. Sisi ni mwalimu, tulijifunza ualimu wa luga, kazi ya kalamu nyekundu tunaijua. Tukasahihisha usiku, watoto wakilala.

Katika ukurasa mmoja alimtaja mzee wa mtaa wa jirani, mtu mpole anayetibu watu kwa mizizi. Aliandika kwamba mzee huyo ni "nganga mkubwa kupita wote wa Kasaji". Kwa Muluba hilo ni sifa: nganga ni mwenye kuponyesha, kama Kiswahili kinavyosema mganga. Lakini sisi kwa upande wa mama ni Mtshokwe. Kwa Kitshokwe nganga si mwenye kuponyesha. Nganga ni mlozi, mwenye wanga. Anayetibu anaitwa mbuki, na anayepiga ramli anaitwa tahi. Mtshokwe akisoma mstari ule atasoma hivi: mzee fulani ni mlozi mkubwa kupita wote wa Kasaji.

Tuliliona neno. Kalamu ilikuwa mkononi. Tulitia alama ya kituo iliyokosekana mwisho wa mstari, na tukapita. Kwa nini? Tulikuwa na usingizi, ndiyo. Lakini ukweli wenyewe ni kwamba tulijiambia: hiki ni kitabu chake, si chetu, tukianza kumkosoa katika mambo yake ya wazee atasema tunajifanya wakubwa.

Kitabu kikafika. Wakati ule ule, kipindi cha mvua, mtoto mmoja wa mtaa ule akafa kwa homa. Kijana mmoja akasoma ukurasa ule kwa sauti, sokoni, mbele ya watu. Nini kilifuata, kila mtu wa kwetu anaweza kuwaza. Mzee hakupigwa, tunamshukuru Mungu, lakini watu waliacha kumsalimia. Alikuwa anakaa na mjukuu wake, mtoto mwanamke, mwanafunzi wa darasa letu wenyewe. Wenzake wakakataa kukaa naye katika banki moja. Juma la kwanza alikaa peke yake. Juma la pili banki ilikuwa wazi.

Penye pompi mama mmoja akatuuliza: "Mama Mwalimu, bwana yako amemutaja yule nkambo. Ni kweli? Maana weye njo ulisoma mbele."

Weye njo ulisoma mbele. Neno hilo lilitufuata mpaka nyumbani, na njo linalotuandikisha leo.

3. Ndoa moja ya ng'ambo ya mpaka

Tulipokuwa tunatafuta kama kuna wengine waliopita njia hii, tulikuta mfano karibu sana na sisi. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, katika wilaya ya Mwinilunga, wanakaa Wandembo wa Kanongesha. Ni ndugu zetu, na shina lao linatoka kwa Mwant Yav, kule Musumba. Tangu 1950 mpaka 1954, mara mbili, alikaa kwao Mwingereza mmoja, Victor Turner. Wanafunzi wa mambo ya desturi dunia nzima wanamjua. Aliandika juu ya ulozi, ramli, mukanda, mizimu na miti ya dawa, na leo vitabu vyake vinafundishwa katika vyuo vikuu. Lakini hakukaa peke yake. Alikuwa na bibi yake, Edith, na watoto wao wadogo.

Walioana mwaka 1943, wakati wa vita. Edith hakuwa na diploma ya elimu hiyo. Alipiga picha, aliandika yaliyosemwa, alizungumza na wamama, alisoma na kusahihisha maandiko ya bwana wake. Na kuna mambo ambayo bila yeye yasingeandikwa vile. Mwanaume anaweza kuingia mukanda. Lakini nkang'a, desturi ya mtoto mwanamke anayekomaa, ni mambo ya wamama. Mtoto analazwa chini ya mti wa mudyi, ule wenye maziwa meupe, amefunikwa blanketi, na wamama wanacheza kumzunguka. Edith ndiye aliyekaa kati ya wamama hao. Vitabu vya miaka ya 1950 na 1960 vilitoka na jina moja tu juu ya jalada, jina la bwana. Jina la bibi tunaliona pamoja na la bwana mwaka 1978, katika kitabu chao juu ya safari za hija za Wakristo.

Watu walibishana juu ya Turner pande zote mbili. Kwao Uingereza, wasomi wenzake wengi hawakuamini dini, na yeye na Edith walikuwa wakomunisti zamani. Mwaka 1958 wote wawili wakawa Wakatoliki, na wenzao waliona kama wamewaacha. Mwaka 1962 alitoa kitabu juu ya chihamba, desturi ya roho mweupe Kavula, akaandika kama mtu anayeamini kwamba ndani ya desturi ile kuna kweli, si ujinga. Wengine wakasema ameacha elimu, ameingia mambo ya ajabu.

Na huku kwa Wandembo pia kulikuwa na maneno. Mwenye kumweleza Turner siri nyingi kupita wote alikuwa mzee mfupi mwenye akili kali, mtaalamu wa dawa, aliyemwita Muchona. Mama yake Muchona alikuwa mtumwa. Katika mazungumzo yao alikuwamo mtu wa tatu, mwalimu wa shule ya misioni, Windson Kashinakaji, mwenzetu wa kazi. Turner mwenyewe ameeleza namna watu walivyoanza kumsengenya Muchona kwa ajili ya mazungumzo hayo. Mwenye kuuliza siri na mwenye kuijibu, wote wanasemwa. Hatushangai kama bibi anayekaa karibu naye anasemwa.

Bwana akafa mwaka 1983. Miaka miwili baadaye, mwaka 1985, Edith alirudi Mwinilunga, akaingia katika ihamba. Wasomaji wa kwetu wanaijua: jino la mwindaji aliyekufa linaingia katika mwili wa mtu na kumuuma, na mwenye dawa analitoa kwa pembe, kwa ngoma, na kwa watu kusema wazi yaliyofichwa moyoni. Bwana wake aliandika zamani juu ya desturi hiyo. Alisema kwamba linaloponyeshwa ni ugomvi wa kijiji. Jino lenyewe aliliona kama kazi ya mkono mwepesi wa mwenye dawa. Lakini bibi aliandika, mwaka 1992, kwamba yeye mwenyewe aliona kwa macho kitu cha rangi ya kijivu, kama moshi mzito, kikitoka mgongoni mwa yule mama mgonjwa. Wasomi wengi hawakumwamini. Hakugeuza neno lake mpaka alipokufa mwaka 2016.

Hatutaki kuamua hapa kama aliona kweli. Kila msomaji ana imani yake. Tunataka kuona jambo moja: bibi yule alimsaidia bwana wake miaka arobaini, na tena alisema tofauti naye bila kumtukana. Je, alimsaliti? Sisi tunasema hapana. Bwana alisema alichokiona, bibi akasema alichokiona. Angenyamaza kwa heshima ya marehemu, heshima hiyo ingekuwa uongo.

4. Majibu matatu

Turudi kwa swali. Tunasikia majibu matatu.

Jibu la kwanza ni la pompi: kitanda kimoja, mambo ni moja. Bwana akitaja walozi, bibi naye anawajua. Bwana akikosa, bibi naye amekosa. Jibu hili tunalikataa, kwa sababu ni jibu lile lile linalomhukumu mtu kuwa mlozi. Wanasema: mjomba wake alikuwa mlozi, naye basi. Anakaa na nkambo mlozi, naye basi. Yule mtoto wa darasa letu alihukumiwa namna hiyo. Tukilikubali kwa bibi, tutalikataaje kwa mtoto?

Jibu la pili ni la watu wa sheria na la wahubiri wengi: kosa ni la aliyetenda, kila mtu atabeba mzigo wake. Ni jibu zuri, na tulilishika sana siku zile. Lakini tulipolipima, tuliona kwamba tulikuwa tunajificha ndani yake. Maana kutenda si kuandika tu. Tuliposahihisha mstari na kuacha neno, tulitenda.

Jibu la tatu tulilipata kwa mzee mwenyewe. Mimba ya maneno ilipokuwa kubwa, tulikwenda kwake sisi wawili pamoja na mkubwa wa mtaa. Baba ya watoto wetu akaeleza maana ya neno kwa luga ya kwao, akaomba masamaha. Mzee akamsikiliza, akampa mkono. Halafu akatugeukia sisi, akasema kwa Kitshokwe maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama haya: "Huyu ni mgeni wa luga. Weye ni mtoto wetu."

Hakuongeza neno. Hapo tukaelewa kwamba bibi hajibu kwa sababu ni bibi. Anajibu kwa yale aliyoyajua yeye, ambayo mwenzake hakuyajua. Mgeni wa luga alikosa kwa kutojua. Kosa lake ni dogo. Mwenye luga alijua akanyamaza. Cheo cha ndoa hakikutuongezea kosa. Kilitupa nafasi ya kuzuia, na hatukuitumia.

5. Masauti mawili ya kutukatalia

Tulipozungumza mambo haya na wenzetu wa chama, mama mmoja alituuliza: "Na kama bwana anakatala? Kwetu bibi ataambia bwana asiandike?" Swali lina nguvu. Tunajibu: kusema si kukataza. Bibi akiisha kusema, "neno hili litamuua mzee wa watu," amelipa deni lake. Bwana akiandika hata hivyo, mzigo ni wake. Heshima ya nyumba haikutudai tunyamaze. Sisi wenyewe tuliita woga wetu heshima. Katika mji wa Kolwezi, toka mwaka 1953, Padri Placide Tempels, yule aliyeandika juu ya filozofia ya Wabantu mwaka 1945, alianzisha Jamaa. Wengine waliipenda, wengine waliipinga. Lakini jambo moja la Jamaa linatufaa hapa: baba na mama walifuata mafundisho pamoja, si baba mbele na mama nyuma. Wazee wetu wa upande huu walizoea tayari kusikia kwamba mawazo ya nyumba ni ya watu wawili.

Mzee mwingine alisema: "Basi dawa ni moja, aache kuandika. Mambo ya ulozi yasiandikwe." Hapa hatukubali. Tuangalie tena kitabu cha Turner cha 1957. Anaeleza mtu mmoja, Sandombu, aliyegombana na mjomba wake mkubwa wa kijiji, kwa sababu alimgawia nyama kidogo baada ya kuua mnyama. Mjomba akafa, watu wakasema Sandombu amemloga, na ukubwa wa kijiji ukampita ukaenda kwa mwingine. Mwenye kusoma habari hiyo polepole anaona kwamba chini ya neno "mlozi" kulikuwa na nyama, na chini ya nyama kulikuwa na kiti cha ukubwa. Maandiko ya namna hiyo yanamsaidia mtu aliyesingiziwa. Kama hakuna anayeandika, wanaobaki kusema ni wale wa sokoni peke yao.

Na leo wanaosingiziwa zaidi ni watoto. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika artikle ya 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya mwaka 2009 ya kulinda mtoto inaadhibu jambo hilo. Lakini sheria iko mbali; banki ya darasa iko karibu. Walimu, wazazi na wenye kuandika, sisi njo tuko karibu na banki ile.

6. Mwisho

Tulikusanya fotokopi ishirini na sita katika zile thelathini. Nne hatukuziona mpaka leo. Mtoto alirudi darasani baada ya sisi kwenda kumtafuta mara tatu, lakini mwaka ule alikuwa ameupoteza, akaurudia. Mzee aliendelea kutibu watu. Nasi tulipougua mgongo tulikwenda kwake, mchana, kwa njia kubwa, watu watuone.

Baba ya watoto wetu anaandika bado. Makaratasi yanafika mezani kama zamani, nasi tunasoma na kalamu nyekundu, na siku hizi usiku mwingine tunabishana mpaka taa inaisha mafuta. Mambo mengine ya ulozi anayaamini, sisi hatuyaamini. Mengine ni kinyume. Haidhuru.

Kwa chama chetu tunaomba jambo moja la kufanya, si la kusifu tu. Maandiko yoyote yanayomtaja mtu aliye hai, mwenye dawa au mwenye ramli, yasomwe kwanza na mtu wa luga ya mahali pale, na mtu huyo aulizwe wazi: neno hili, kwenu, ni nini? Nasi tulio wake au waume wa wenye kuandika, tusingoje kuulizwa. Sisi njo tunasoma mbele.